Dungu la Mfenesini

Mwinjuma wa Mlingotini alikuwa fundi wa madungu, na kama hujui dungu ni nini, basi ndege hawajapata kukulaza njaa. Dungu ni ulingo wa miti ulioinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba la mpunga. Lina kipaa cha makuti, na juu yake hukaa mtu, aghalabu mtoto, ana kombeo na sauti yake, akiamia ndege, yaani akiwafukuza, tangu alfajiri hata jua linapotua. Shamba likikosa dungu, ndege watakula mpunga nawe utakula makapi. Toka Mbegani mpaka Mlingotini hakuwapo mtu wa kufunga dungu likatulia kama la Mwinjuma. Hakutumia msumari hata mmoja, ila kamba za makumbi na fundo alilofundishwa na baba yake. Ukimwuliza fundo lile hulifungaje, atakutazama kama uliyemwuliza chumbani mwake mna nini. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Kichwa chake, tuseme kweli, kilikuwa kigumu kama kokwa la embe dodo.

Mkewe, Mwanahija, alikuwa ametangulia mbele ya haki. Binti yao wa pekee, Ashatu, aliolewa Dunda, pale Bagamoyo mjini, akazaa watoto wawili wa kike, Dija na Somoe, kisha ndui ikampitia. Mumewe Ashatu alikuwa mtu wa safari za bara, leo yuko Tabora, kesho Ujiji, hajulikani arudi lini. Watoto wakabaki kwa mama yake mume, Bibi Fatu. Ndiyo desturi, na wala Mwinjuma hakuipinga. Watoto ni wa kuumeni. Babu mzaa mama ana mapenzi, hana madai.

Mlango wa kuwapata ulikuwa mmoja tu. Kila mwaka mpunga ulipotoa masuke, Mwinjuma alimpa salamu yeyote aendaye mjini: "Mwambie mzazi mwenzangu, ndege wameanza." Hayo tu. Hakusema nimewakumbuka, hakusema nyumba imenipwaya. Na Bibi Fatu naye alimleta Dija siku ya pili yake, kwa kuwa kazi ni kazi, na mtoto kwenda kuamia kwa babu yake hakumwaibishi mtu. Siku arobaini Dija alikaa juu ya dungu moja na babu yake juu ya jingine, ng'ambo ya shamba. Mmoja akipiga ukelele mwenzake anaitika, na ndege katikati hawajui waende wapi.

Mwaka mmoja Dija alikuja na mdogo wake mgongoni. Somoe alikuwa na miaka mitatu, akalia siku arobaini zote. Dija alikuwa na kumi, na ulimi wake ulikuwa mrefu kuliko yeye. Kama ilivyo baina ya babu na mjukuu, alimwita Mwinjuma mume wangu, na hakuwa mke wa kumstahi mumewe.

Siku ya mwisho ya kuamia mwaka ule, Dija aliuelekeza mkono kwenye mfenesi wa uani, ule uliopandwa na Mwanahija.

"Babu, hilo dungu la shambani ni la kazi. Tujengee jingine huku juu, sisi watoto. La kukaa tu."

"Kukaa tu mkifanya nini?"

"Kukaa tu."

"Ukiamia nini huku uani? Kuku?"

"Nikuamie wewe. Wajane wa Mbegani wasije wakakuiba, na meno yenyewe umebakiwa na mawili."

Mwinjuma alicheka mpaka akakohoa. Kisha akasema mwakani, inshallah, kama wasemavyo watu wazima wanapotaka mtoto anyamaze. Moyoni aliona ni upuuzi. Dungu ni chombo cha kazi. Mtu hachongi mpini pasipo jembe.

Mwakani ikafika. Mvua zilichelewa, mpunga ukapatikana robo ya shamba, na Mwinjuma akaona haya kuita watoto kwa pando la kuamiwa na mtu mmoja amekaa kitako. Akaamia peke yake. Mwaka uliofuata ndio ule wa ukame, kabla Wadachi hawajapandisha bendera yao. Masika hayakuja kabisa. Mpunga ulinyauka ungali kimo cha kifundo cha mguu. Wenye uwezo walikwenda mjini kununua mchele wa Bara Hindi, wasio nao wakachimba muhogo. Mwinjuma alikula muhogo na mafenesi, akakipindua kinu chake kifudifudi kwa kuwa hakikuwa na la kutwangwa, akakifanya kiti.

Juu ya kinu hicho ndipo alipokaa siku tatu, akiutazama mfenesi.

Jirani yake, Mwanabaraka, alikuwa mwanamke wa maneno yasiyo kona. Baina ya ua wake na wa Mwinjuma palikuwa na kigo cha makuti kilichochakaa, na siku ya tatu alikuja akasimama penye tundu, ungo mkononi, akipepeta unga wa muhogo.

"Mwinjuma, wautazama mti huo tangu juzi. Umekukosea nini?"

"Nafikiri kujenga dungu."

"Wapi?"

"Hapo juu, penye panda ya pili."

Mwanabaraka aliutazama mti, akamtazama mtu. "Uamie nini? Mafenesi? Huyo ndege wa kubeba fenesi akija uniite, nami nataka kumwona."

"La watoto."

Ungo ukasimama. "Watoto gani?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kwa kuwa katika ua ule hapakuwa na mtoto, wala nguo ya mtoto kwenye kamba, wala unyayo wa mtoto mchangani, tangu miaka miwili. Mwinjuma alijikuna goti.

"Wa Ashatu."

"Haya. Watoto wa Ashatu wako Dunda. Ukilijenga, utakata tawi lile la chini, na tawi lile ni mafenesi kumi, mwaka huu wa njaa. Tena mti ni mrefu. Mtoto wa kwenu akianguka unamkanda maji moto. Mtoto wa watu akianguka kwako, hiyo ni kesi." Alipepeta kidogo, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kama wawataka watoto, si uende ukawaombe?"

"Nikaombe kwa sababu gani? Ndege hawapo."

"Umewakumbuka."

"Hiyo nayo ni sababu?"

Mwanabaraka alirudia kupepeta, na tusimlaumu, maana Mwinjuma hakuwa akiuliza ili ajibiwe. Alikwisha kulipima jambo lile pande zote. Mwaka wa shibe, kwenda kuomba watoto bila kazi ni kujikomba kwa wakwe. Mwaka wa njaa ni matusi kabisa. Ni kumwambia Bibi Fatu, mbele ya mtaa mzima wa Dunda: najua huna cha kuwapa, niletee niwalishe mimi. Mtu mwenye adabu zake hafanyi hivyo. Mtu mwenye adabu zake hukaa juu ya kinu.

Jioni ile alikwenda shambani, hajui kwa nini. Madungu mawili yalikuwa yangalipo, makuti yamepeperuka. Chini, udongo umepasuka. Kundi la ndege lilipita juu, halikushuka, na Mwinjuma, kwa mazoea ya miaka, akapaza sauti yake yote: "Haaa! Haaa!" Kisha akanyamaza, akangoja kuitikiwa kutoka dungu la pili.

Alingoja kitambo. Alipotambua anangoja nini, upweke ulimshika mpaka akaketi chini. Aliogopa. Aliona wazi kuwa akifa wiki ile, watu wa kwanza kujua watakuwa kuku wa Mwanabaraka. Aliwaza sauti ya Dija, akagundua haikumbuki vizuri, ila maneno yake tu. Alirudi nyumbani na shoka begani, na asubuhi Mwanabaraka aliamshwa na mlio wa tawi linaanguka.

Kazi ilimchukua siku nane. Alikata boriti za mikandaa kwenye kijito, akazibeba moja moja, maana umri ulikuwa umekwenda. Alisokota kamba mpya. Akafunga sakafu ya fito, akaipiga mkono kila mahali kutafuta kijiti cha kuchoma. Akaezeka kipaa kwa makuti mabichi ya mwaka ule, yasiyovuja. Alipofika kwenye ukingo wa kuzuia watoto wasianguke, alisimama akapima kwa mwili wake mwenyewe. Dija alikuwa akimfika kitovuni. Ukingo basi uwe kimo cha kifua chake Dija, si zaidi, aweze kutazama nje bila kudandia. Hakuweka ngazi. Alining'iniza kamba nene yenye mafundo, kila fundo mahali pa mguu mdogo.

Mwanabaraka alikuja kila siku penye tundu la kigo kukosoa. Siku ya nane Mwinjuma alipanda akakaa juu kulijaribu, na kutoka kule akaona ua wote wa Mwanabaraka, naye Mwanabaraka kichwa wazi anachuna kisamvu.

"Shuka huko, mzee usiye haya," alisema, akijitanda leso. "Kumbe umejijengea dungu la kuchungulia wake za watu."

"Huna mume."

"Ndiyo maana nasema ushuke." Lakini alikuwa akicheka, na kilipoiva akapitisha kisahani cha kisamvu juu ya kigo, naye Mwinjuma akashuka kukitwaa, akapanda tena akala kule kule juu, peke yake, miguu ikining'inia. Dungu lilikuwa zuri. Lilikuwa dungu zuri kuliko yote aliyopata kufunga. Lilikuwa tupu, na kila alivyozidi kulikaa ndivyo utupu ule ulivyozidi kuonekana.

Salamu ya kumpa msafiri hakuwa nayo. Angesema ndege wameanza, mwambao mzima ungemcheka. Kwa hiyo siku ya tatu yake aliswali alfajiri, akatwaa fimbo, akajitwika fenesi moja kubwa, akashika njia ya mjini mwenyewe.

Alifika Dunda jua limepanda. Mtaa ulikuwa umejaa wapagazi wa Kinyamwezi waliokuwa wakingojea mizigo, nao walilitolea macho lile fenesi. Nyumba ya Bibi Fatu ilikuwa ile ile, baraza limesakafiwa, mlango una pazia la kaniki. Kabla ya hapo Mwinjuma alikwisha kukaa kwenye baraza lile mara tatu: siku ya kumwoza binti yake, siku ya arobaini ya kuzaliwa Dija, na siku ya kumzika Ashatu. Na mara zote tatu alikunywa maji, akaondoka kabla ya chakula. Baba wa mke hali kwa wakwe, wala halali. Ndivyo alivyolelewa.

"Hodi."

"Karibu, mzazi mwenzangu." Bibi Fatu alikuwa mtu mzima mnene kiasi, ingawa mwaka ule ulikuwa umempunguza. Alilipokea fenesi kwa mikono miwili. "Umetembea na jua hili lote. Habari za Mlingotini?"

"Njema. Habari za hapa?"

"Njema, tunamshukuru Mungu. Mvua?"

"Hamna."

"Na huku hamna. Hujambo lakini?"

"Sijambo. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

Bibi Fatu alimletea maji, akanywa. "Umekuja kwa jambo?" akauliza.

"Hapana. Nilikuwa na shughuli sokoni, nikaona nipite."

"Ahsante kwa kutukumbuka."

Wakatazama mtaani. Mtu alipita akasalimu, wakamwitikia wote wawili kwa furaha, kana kwamba wameokolewa. Bibi Fatu akauliza habari za muhogo, Mwinjuma akazieleza habari za muhogo kwa urefu. Mara mbili alifungua kinywa kusema lililomleta, na mara mbili akasikia anasema habari za nguruwe pori. Hata maji yakaisha, na desturi ikamtaka ainuke. Akainuka. Akatwaa fimbo. Ndipo miguu ikakataa.

"Mzazi mwenzangu," akasema, amesimama, anaitazama fimbo. "Sina shughuli sokoni. Mpunga hakuna, ndege hakuna, huna sababu ya kuniletea watoto. Nimejenga dungu la bure juu ya mfenesi. La kukaa tu. Nimewakumbuka wajukuu zangu mpaka napiga kelele shambani peke yangu. Nipe watoto, hata siku kumi. Sisemi hapa hawashibi. Nisije nikaeleweka hivyo. Nasema mimi ndiye nisiyeshiba."

Bibi Fatu alikuwa amekunja mikono. Aliikunjua, akaikunja tena.

"Keti," akasema.

Akaketi.

"Mwaka jana tulingoja salamu yako mpaka watu wakavuna. Dija alikuwa akitoka hapa barazani kila asubuhi kuuliza wapitao kama kuna aliyetoka Mlingotini. Mwaka huu nilitaka kuwaleta mwenyewe, bila salamu. Nikasema, Fatu, utampelekeaje mzee wa watu vinywa viwili mwaka wa njaa? Atasema unamtupia mzigo. Nikakaa." Alivuta pumzi. "Umechelewa, mzazi mwenzangu. Dija amekuwa mwari. Yuko ndani tangu mwezi wa Mfunguo Tano. Hatoki mpaka aozwe."

Mwinjuma hakuelewa mara moja, kisha akaelewa. Habari kama hiyo wanawake hawaitumi kwa msafiri. Angeijulia wapi?

"Niongee naye," akasema.

Bibi Fatu alimwita. Nyayo zikaja nyuma ya pazia la kaniki, zikasimama. Mwinjuma alilisogelea pazia, akainama kidogo, kama alivyozoea kuinama kwa mjukuu wake, na sauti ikatoka juu ya kichwa chake.

"Shikamoo, Babu."

Alijiinua. "Marahaba, mama. Hujambo?"

"Sijambo. Nimesikia ulivyosema. Umelijenga kweli?"

"Nimelijenga."

"Lina ngazi?"

"Kamba. Ina mafundo."

"Na ukingo?"

"Unao." Mkono wake ulikuwa umejiweka kitovuni, akauondoa. "Unatosha."

Mwinjuma alingoja. Angependa aambiwe neno lolote la kumkera, juu ya meno yake, juu ya wajane, juu ya mume asiyetimiza ahadi mpaka mke amekua. Alingoja tusi kama mtu angojavyo sadaka.

"Ahsante sana, Babu," Dija akasema, kwa upole, kama mwanamke amshukuruye mgeni. "Mungu akuzidishie. Umejisumbua."

Nyayo zikarudi ndani. Mwinjuma aliumia, na hakuna haja ya kutafuta neno jingine. Alikuwa na miaka miwili ya kujenga kitu cha siku nane, akaitumia yote kupima watu watasema nini. Alitaka kulia, na kwa kuwa alikuwa barazani kwa watu, alipenga kamasi kwenye ncha ya kanzu akasema vumbi la mjini ni baya.

"Yupo na huyu mdogo," Bibi Fatu akasema.

Mtoto alikuwa amejishika na leso ya bibi yake kwa nyuma, nusu ya uso nje. Alikuwa na miaka mitano, na paji la uso la Ashatu lile lile.

"Somoe, msalimu babu yako. Baba yake mama yako."

Somoe alimwangalia Mwinjuma kuanzia miguuni mpaka kwenye kofia. "Simjui," akasema.

"Ni babu yako."

"Simjui mimi."

Mwinjuma alinyosha mkono, mtoto akazama nyuma ya leso asionekane kabisa. Bibi Fatu alimpapasa kichwa. "Hutaweza kwenda naye, mzazi mwenzangu. Atalia njia nzima. Mwache akue kidogo, tutakuletea."

Maneno yalikuwa ya wema, na Mwinjuma aliyajua, maana alikuwa ameyasema maisha yake yote. Mwache, kidogo, tutaona. Aliilaza fimbo sakafuni. Akavua viatu.

"Nipe mkeka," akasema.

"Mkeka wa nini?"

"Wa kulalia. Nitalala hapa barazani mpaka anizoee."

Bibi Fatu alitazama mtaani, akatazama kwa jirani, akamtazama tena. "Mkwe halali kwa wakwe. Watu watasema nini?"

"Watasema Mwinjuma ameona njaa Mlingotini amekuja kujilisha Dunda. Waseme."

"Mgeni siku mbili, mzazi mwenzangu."

"Ya tatu nipe jembe. Kulima najua."

Bibi Fatu aliingia ndani, akarudi na mkeka mkuukuu na sahani ya muhogo wa kuchemsha. Aliviweka vyote mbele yake. Mwinjuma aliutandika mkeka pale pale penye macho ya watu, akaketi, akala. Ilikuwa mara ya kwanza kula katika nyumba ile.

Somoe alikuwa amesogea mpaka kizingitini, hatua sita hivi kutoka kwake, mgongo kwenye fremu ya mlango.

"Bibi, anakaa?"

"Anakaa."

"Mpaka lini?"

"Mwulize mwenyewe."

Somoe alimtazama Mwinjuma muda mrefu, kidole kinywani, asiulize. Mwinjuma hakumwita. Alisukuma sahani kidogo upande wake, akageuza uso akitazama barabara, akangoja kuulizwa.